Kikaragosi Asiye na Jina: Nani Huonekana na Nani Huchekwa Katika Sinema za Vikaragosi

Likizo ya Desemba iliyopita tulifanya mchezo wa vikaragosi kwa watoto wa mtaa wetu hapa Kisauni. Vilikuwa vitano, vyote tumevishona wenyewe kwa soksi kuukuu na vipande vya leso: bwana, bibi, watoto wawili na mtumishi. Mimi nilipewa kumsemesha mtumishi. Ili watoto wacheke, nikampa lafudhi ya Kigiriama, nikaipinda kupita kiasi, na kila alipofungua mdomo alitoa neno la kipumbavu. Watoto walicheka hadi wakaangukiana mkekani. Nami nikajiona fundi.

Mchezo ulipokwisha, mama mmoja mzaliwa wa Kaloleni alinisubiri mlangoni, amemshika binti yake mkono. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, yule mtumishi mbona hana jina?"

Nilimjibu kuwa tulisahau. Haikuwa kweli. Wale wanne wengine tuliwapa majina tangu siku ya kwanza ya kushona. Huyu wa tano hakuna aliyefikiri kuwa anahitaji jina.

Swali lile lilinirudisha kwenye sinema za vikaragosi ambazo nimezipenda tangu ujana wangu, nikazitazama upya moja baada ya nyingine. Katika makala haya nitaeleza sinema hizi ni zipi, zimewaonyesha vipi watu wa rangi na asili mbalimbali, na sisi wa Pwani tuna nini cha kujifunza humo. Nayaandika kwa wazazi, walimu wa chekechea na madrasa, na vijana wetu walioanza kutengeneza video kwa simu zao.

Ni sinema za namna gani?

Ninazungumzia sinema ambazo wahusika wake si watu wala michoro, bali ni sanamu za mbao, kitambaa, mpira au udongo. Kuna njia mbili kuu za kuzitengeneza. Ya kwanza ni ya mkono: mtu hujificha chini ya jukwaa au nyuma ya pazia akakichezesha kikaragosi huku kamera ikipiga moja kwa moja. Ya pili ni ya subira: sanamu husogezwa kidogo sana, ikapigwa picha moja, ikasogezwa tena, ikapigwa tena. Sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde, kwa hivyo kazi ya siku nzima huweza kutoa sekunde chache tu za kutazama.

Nyingi katika hizi ni za mambo ya ndotoni. Wazungu huuita mtindo huo usurealisti. Sisi tuna neno letu, mauzauza. Jan Švankmajer wa Czech, aliyejiunga na kundi la wasanii wa surealisti wa nchi yake mwaka 1970, alitoa sinema ya Alice mwaka 1988. Humo sungura aliyekaushwa na kujazwa unga wa mbao anatoka katika sanduku lake la kioo huku unga ukimvuja kifuani. Wahusika ni wengi, lakini sauti ni moja: ya msichana mdogo anayesimulia kila kitu.

Najua wapo wanazuoni wenye rai zao kuhusu sanamu na picha, na hilo si langu kulikata hapa. Ninalosema ni kuwa watoto wetu wanazitazama sinema hizi tayari, kwenye runinga na kwenye simu za mama zao. Ni heri tuzijue.

Sasa, kwa nini suala la nani anaonyeshwa lina uzito zaidi katika vikaragosi? Mwenye kutengeneza sinema ya watu anaweza kutoa udhuru: alimchukua mwigizaji aliyempata. Mchonga kikaragosi hana udhuru huo. Rangi ya ngozi, upana wa pua, nywele, nguo, mwendo na sauti, vyote ameviamua yeye. Hakuna kilichoingia kwa bahati. Na aliyeachwa nje, ameachwa na mtu.

Neno lenyewe lina historia

Wataalamu wa lugha hulihusisha neno letu karagosi au kikaragosi na Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki wa enzi za Uthmaniya. Sanamu bapa za ngozi ya ngamia, zilizokwanguliwa hadi zikapitisha mwanga na kutiwa rangi, huchezeshwa nyuma ya kitambaa cheupe chenye taa. Mchezaji ni mmoja, naye ndiye mwenye sauti zote. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliuingiza mchezo huu katika orodha ya turathi za binadamu.

Ukitazama waliomo, utaona mji mzima: Mwarabu, Mwajemi, Muarmenia, Myahudi, Mwalbania, kila mmoja na vazi lake na lafudhi yake. Istanbul ilikuwa mji wa watu wengi kama ilivyo Mombasa, na mchezo haukumficha yeyote. Lakini kila mgeni alipewa kichekesho kimoja, na kichekesho chenyewe mara nyingi kilikuwa namna anavyolivunja neno la Kituruki. Hapo ndipo nilipojiona mimi na soksi yangu. Mtu anaweza kuwemo jukwaani miaka mia na asijulikane hata siku moja.

Jasper na matikiti

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili katika sinema ni wa George Pal. Alizaliwa Hungary mwaka 1908, akafanya kazi Ujerumani, akaondoka Manazi walipochukua nchi, akatengeneza matangazo ya vikaragosi vya mbao Uholanzi kwa kampuni ya Philips, kisha akahamia Marekani. Huko filamu zake fupi zilijulikana kama Puppetoons na kusambazwa na Paramount. Ustadi wake haukuwa na kifani. Badala ya kukikunja kikaragosi kimoja, alichonga vichwa na miguu mingi ya mbao, kila kimoja chenye tofauti ndogo, akavibadilisha picha baada ya picha. Filamu moja ilihitaji maelfu ya vipande. Chuo cha Oscar kilimpa tuzo ya heshima kwa kazi hiyo.

Mwaka 1942 alianza mfululizo wa Jasper, mtoto Mweusi wa kusini mwa Marekani. Jasper anaishi na mama yake katika kibanda, na kila mara analaghaiwa na sanamu la kutishia ndege linaloitwa Professor Scarecrow pamoja na kunguru wake. Mauzauza yamejaa. Katika filamu ya kwanza mtoto anaingizwa katika nchi ya matikiti maji. Katika Jasper in a Jam ya mwaka 1946 anajikinga mvua ndani ya duka la rehani, na ifikapo saa sita za usiku vyombo vya muziki vinaamka na kupiga jazi vyenyewe. Kwa macho tu, ni kazi ya kupendeza sana.

Lakini mtazame Jasper mwenyewe. Midomo yake imechongwa minene kupita kiasi, macho yanamtoka, anaogopa mizuka, anatamani matikiti, na hajifunzi kitu. Msomaji wa hapa huenda akauliza tikiti lina kosa gani, maana nasi tunalila kila Ramadhani. Kosa haliko katika tunda. Utumwa ulipokomeshwa Marekani, Weusi wengi walilima matikiti na kuyauza, wakapata riziki yao kwa jasho lao. Wazungu waliochukia uhuru ule wakaligeuza tunda kuwa tusi: picha, kadi na vibonzo vya Mweusi mvivu asiyewaza ila tikiti. Pal aliukuta utani huo tayari umeshaoka, akauchonga kwa mbao.

Mwaka 1947 jarida la Ebony, lililoandikwa na Weusi kwa ajili ya Weusi, liliandika juu ya malalamiko dhidi ya Jasper. Pal alijitetea kuwa hakukusudia kumdhalilisha mtu yeyote. Mimi ninamwamini. Hata mimi sikukusudia. Lakini nia ya mchongaji hubaki mfukoni mwake, na kikaragosi ndicho kinachosafiri.

Lipo jambo jingine ambalo hatupaswi kulipita haraka. Sauti ya Professor Scarecrow ilikuwa ya Roy Glenn, mwigizaji Mweusi. Kwa hivyo si kweli kwamba Weusi hawakuwemo katika kazi ile. Waliitwa watoe sauti baada ya maneno kuandikwa na sura kuchongwa. Mgeni aliyekaribishwa kula tu, na hakuulizwa kipikwe nini, hana sauti katika nyumba ile.

John Henry, mkono uleule

La kutia moyo ni kwamba mchongaji yuleyule aliweza kufanya vingine. Mwaka 1946 Pal alitoa John Henry and the Inky-Poo, kisa cha shujaa wa hadithi za Weusi wa Marekani aliyeshindana na mashine katika ujenzi wa reli, akaishinda, akafa kwa kuchoka. Safari hii kikaragosi kina umbo la binadamu, kifua kipana na uso wenye heshima. Sauti ni ya Rex Ingram, mwigizaji Mweusi mwenye jina kubwa wakati ule. Ebony ileile iliyomlaumu Pal kwa Jasper iliisifu filamu hii. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 2015 iliingizwa katika hazina ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mbao ni zilezile, visu ni vilevile, mafundi ni walewale. Kilichobadilika ni hadithi: wakati huu Pal alichukua kisa ambacho Weusi wenyewe walikuwa wakisimuliana na kuimba. Kwa hivyo mtu akikwambia kuwa vikaragosi ni vya kuchekesha tu na haviwezi kubeba heshima, mwambie akaitazame filamu hiyo.

Sauti ya nani?

Tangu wakati huo mjadala umehamia zaidi kwenye sauti. Sinema ya Kubo and the Two Strings ya mwaka 2016, kazi ya kampuni ya Laika, inasimulia kisa cha Japani ya kale. Kijana anapiga ala yake ya nyuzi, na karatasi zinajikunja zenyewe kuwa mashujaa na ndege. Ni nzuri mno. Lakini sauti za wahusika wakuu zilipewa Charlize Theron, Matthew McConaughey, Ralph Fiennes na Art Parkinson, na Wamarekani wenye asili ya Asia walilalamika. Sura zilikuwa zao na hadithi ilikuwa ya kwao, lakini vinywa vilikuwa vya wengine. Sisi tuliozoea kusikia mhusika wa Pwani akiigizwa na mtu asiyeweza kutofautisha "dhahabu" na "zahabu" tunaujua uchungu huo.

Kinyume chake pia kina matatizo. Katika The Nightmare Before Christmas ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Henry Selick, Ken Page, mwigizaji Mweusi mwenye sauti kubwa ya kuimba, alipewa nafasi ya Oogie Boogie. Huyo ni gunia lililojaa wadudu, mcheza kamari na mtesaji, na wimbo wake una mtindo wa jazi ya zamani. Page aliimba vizuri sana. Hata hivyo mtazamaji ana haki ya kuuliza kwa nini muziki wa Weusi na sauti ya Mweusi viliishia kwa jini la shimoni.

Selick huyohuyo aliongoza Coraline mwaka 2009. Ndani yake yumo Wybie, kijana jirani, na nyanya yake ni mwanamke Mweusi. Wybie hayumo katika kitabu cha Neil Gaiman. Aliongezwa ili msichana awe na mtu wa kuongea naye. Katika ulimwengu wa pili, ule wa mama mwenye macho ya vifungo, pacha wa Wybie amefanywa bubu kwa sababu Wybie wa kweli anaongea sana, kisha mdomo wake unashonwa utabasamu. Picha hiyo hainitoki akilini. Mtu yupo, anatabasamu, na hawezi kusema.

Kat na mishono ya usoni

Mwaka 2022 Selick alitoa Wendell & Wild kupitia Netflix, akiandika pamoja na Jordan Peele, mwandishi na mwongozaji Mweusi wa Marekani. Ni miaka 80 tangu Jasper wa kwanza. Mhusika mkuu ni Kat, msichana Mweusi wa miaka 13, yatima, mwenye nywele za kijani zilizosimama kama wingu na viatu vizito. Sauti yake ni ya Lyric Ross. Wazazi wake walikufa gari lilipotumbukia mtoni, naye anajiona ndiye aliyesababisha. Mashetani wawili ndugu, wenye sauti za Keegan-Michael Key na Peele mwenyewe, wanamlaghai awatoe kuzimu kwa ahadi ya kuwafufua wazazi wake.

Utaona kuwa Kat naye analaghaiwa, kama alivyolaghaiwa Jasper. Lakini analaghaiwa kwa sababu ya huzuni tunayoijua sote. Hakuna tunda la kejeli hapo. Ana hasira, anakosea, anajirekebisha, na mwisho uamuzi ni wake. Katika mji wake kuna matajiri wanaotaka kujenga jela ya kibinafsi juu ya magofu ya mtaa, na sinema inaeleza wazi kuwa jela hiyo inawangoja watoto kama yeye. Wenzake nao ni wa asili mbalimbali, na kila mmoja ana jambo lake mwenyewe linalomsumbua.

Ipo alama ndogo ninayoipenda sana. Nyuso za vikaragosi hivi hutengenezwa kwa vipande viwili, sehemu ya juu na ya chini, vinavyobadilishwa ili uso ucheke au ulie. Kwa kawaida mstari wa kiungo hufutwa kwa kompyuta. Selick aliuacha. Ukimtazama Kat kwa makini utauona mstari usoni mwake, kama mshono. Mtazamaji anakumbushwa kila wakati kuwa uso huu umetengenezwa na mikono ya watu, na kwamba watu hao wangeweza kuutengeneza vingine.

Nawaonya wazazi: sinema hii ina wafu wanaofufuka na mashetani. Si ya watoto wadogo. Itazameni nyinyi kwanza.

Wasipokuwepo binadamu

Wengine husema, tukitengeneza viumbe visivyo na kabila lolote tutakuwa tumeepuka ugomvi. Haiwi hivyo. Mwaka 1982 Jim Henson na Frank Oz walitoa The Dark Crystal, sinema isiyo na uso wa binadamu hata mmoja. Mwaka 2019 Netflix ilitoa mfululizo wa vipindi 10 unaotangulia kisa hicho, The Dark Crystal: Age of Resistance. Viumbe waitwao Gelfling wamegawanyika koo saba. Ukoo wa Vapra ndio unaotawala, na ukoo wa Grottan, wanaoishi mapangoni, hudharauliwa. Watawala wabaya, Skeksis, wananufaika na fitina baina ya koo hizo. Na chini ya Gelfling wote wapo Podling, viumbe wadogo ambao hata wanaodharauliwa huwadharau.

Katika Podling hao yumo mmoja anayeitwa Hup. Anazungumza lugha yake, wengi hawamwelewi, na anabeba kijiko cha mbao kama upanga kwa sababu anataka kuwa askari shujaa. Watazamaji wanamcheka, ndiyo, lakini wanamcheka wakiwa upande wake. Ana jina, ana ndoto, na ujasiri wake ni wa kweli. Nilipomwona Hup niliikumbuka soksi yangu tena, nikaona haya.

Anomalisa ya mwaka 2015, ya Charlie Kaufman na Duke Johnson, inalichukua jambo hili kutoka upande mwingine. Ni sinema ya watu wazima, si ya watoto kabisa. Mhusika mkuu amechoka na maisha kiasi kwamba kila mtu anayekutana naye, mke wake, dereva wa teksi, mhudumu wa hoteli, ana uso uleule na sauti ileile ya mwigizaji mmoja, Tom Noonan. Ni mwanamke mmoja tu anayesikika kwa sauti tofauti, na ni kwa usiku mmoja. Kikaragosi kimetumika kuonyesha maradhi ya kutowatofautisha watu. Anayesema "hawa watu wote ni wamoja tu" anayo maradhi hayo, hata akiwa hajui.

Mwafrika akishika kisu

Isidhaniwe kuwa historia hii ni ya Ulaya na Marekani pekee. Moustapha Alassane wa Niger, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2015, ni miongoni mwa waanzilishi wa filamu za uhuishaji barani Afrika. Alianza kama fundi makanika, akajifunza sinema Niamey na Jean Rouch, akaenda Kanada kwa Norman McLaren. Mwaka 1977 alitengeneza Samba le Grand kwa vikaragosi, kisa cha kale cha Afrika Magharibi juu ya shujaa anayempenda binti wa mfalme, naye binti akampa kazi ngumu. Mwaka 2001 alitoa Kokoa, ambamo wanyama wanapigana mieleka ya kienyeji mbele ya watazamaji. Chura alikuwa kipenzi chake tangu Bon voyage Sim ya mwaka 1966, filamu ya michoro juu ya rais wa vyura anayefanya ziara.

Alassane hakuwa na bajeti ya Hollywood. Alikuwa na waya, kitambaa na hadithi alizozijua tangu utotoni. Hakuhitaji kumweleza mtu kuwa watu wake wana utu, maana yeye ndiye aliyekuwa akisimulia.

Hapa kwetu Kenya, mwaka 2009 ulianza mchezo wa runinga wa XYZ, uliobuniwa na mchoraji katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, kwa vikaragosi vya mpira vyenye sura za wanasiasa. Wengi wetu tulicheka, na kicheko kile kilimlenga mwenye nguvu, ambaye ana gari, walinzi na kipaza sauti cha kujibia. Mtumishi wangu wa soksi hakuwa na chochote cha kujibia.

Na sisi je?

Sisi watu wa Pwani tunalalamika, na tuna haki. Katika vichekesho vingi vya runinga Mpwani ni mvivu wa kulala barazani, au mwenye maneno matamu asiyeaminika, au mwanamke wa buibui mwenye jini. Tunasema: hawatujui. Lakini watoto wetu wakicheza, ni nani wanayempa lafudhi ya kuchekwa? Mmijikenda aliyekuja kuuza mnazi na makuti, Mpokomo, mlinzi kutoka bara, Msomali wa dukani. Tulichofanyiwa na wengine tunakipitisha kwa wa karibu yetu. Na jirani huyo mara nyingi ni mke wa ndugu yetu, au nyanya yetu mwenyewe ambaye hatumtaji.

Sisemi tuache kucheka, wala sisemi lafudhi zifutwe. Lafudhi ni utajiri: Kimvita, Kiamu, Kipate, Kivumba na Kiswahili cha Mgiriama vyote vina ladha yake. Ninasema tuulize maswali haya, kwa sinema tunayotazama na kwa mchezo tunaotengeneza:

1. Kila mhusika ana jina? Nani hana, na kwa nini?

2. Anachekwa kwa alilotenda au kwa namna anavyosema na anavyofanana?

3. Nani ameandika maneno yake? Kuna mtu wa asili yake aliyeulizwa kabla ya sura kuchongwa?

4. Ana jambo analolitaka mwenyewe, au yupo ili kumsaidia na kumchekesha mwingine?

5. Mtoto anayefanana naye akiwa ameketi mkekani, atacheka au atanyamaza?

La tano ndilo kipimo cha yote. Siku ile sikulitazama mkeka vizuri. Wenzangu waliniambia baadaye kuwa yule binti wa Kaloleni hakucheka hata mara moja.

Likizo ya Aprili tulirudi ukumbini. Nilimwendea mama yake kabla, nikamwomba radhi, nikamwomba pia aje kutusaidia kushona. Alikuja na kipande cha hando la zamani, na binti yake akamvika kile kikaragosi, akakipa jina la Katana. Katana hakuwa mtumishi tena. Binti aliamua kuwa ni nahodha. Alimsemesha mwenyewe, kwa lafudhi ya nyumbani kwao, na katika kisa chake bwana ndiye aliyekuwa haujui mkondo wa maji, akapandisha ngalawa mwambani huku nahodha akimwonya.

Watoto walicheka vilevile, pengine zaidi. Yeye naye alikuwa anacheka nyuma ya pazia, hadi akakosa pumzi ya kumalizia maneno.